Mwongozo kamili kwa waajiri: jinsi ya kuandaa mafunzo kwa vitendo yenye tija kwa wanafunzi wa vyuo

Barua za vyuo huja kwa msimu. Zikifika, ofisi nyingi huangalia viti vilivyo wazi, hupokea wanafunzi kwa idadi hiyo, kisha hungoja kuona watafanya nini. Mafunzo huharibikia hapo, kabla mwanafunzi hajafika hata getini. Anachohitaji hasa hakionekani kwenye hesabu ya viti: kazi halisi ambayo kuna mtu anaisubiri, na mzoefu mmoja mwenye muda wa kumfundisha kazi hiyo.

Mwongozo huu umepangwa kufuata mambo hayo mawili. Unaifaa kampuni ya watu sita na taasisi ya watu elfu, maana kinachotofautiana ni ukubwa wa maandalizi tu. Ukiona kwamba msimu huu huwezi kutimiza hatua ya pili na ya tatu, ni heri ukijibie chuo kuwa huna nafasi, na ujibu mapema. Mwanafunzi atapata muda wa kutafuta kwingine. Wiki nane za kukaa kwenye benchi akisubiri kutumwa hakuna wa kumrudishia.

Hatua ya 1: Jua unawapokea kwa nini

Wazo la kumpeleka mwanafunzi kazini kama sehemu ya masomo lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1906 Herman Schneider, mhandisi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani, alianza na wanafunzi 27 waliokuwa wakipokezana darasa na kiwanda. Hoja yake ilikuwa kwamba yapo mambo ya uhandisi ambayo hayafundishiki ndani ya kuta za chuo. Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilianzishwa kwa mpango wa namna hiyohiyo, na hadi leo kinajulikana kwa mpango huo. Kote kuwili, mwajiri alihesabiwa kuwa mwalimu wa pili.

Sababu njema za kupokea wanafunzi zipo na hazihitaji kufichwa. Unaweza kutaka kuwafahamu vijana ambao kesho utawaajiri. Unaweza kuwa na miradi midogo inayoahirishwa kila mwezi kwa kukosa mikono. Unaweza kutaka wafanyakazi wako wachanga wajifunze kusimamia watu. Sababu isiyofaa ni moja: kuziba pengo la mfanyakazi aliyeondoka, kwa gharama ndogo au bila gharama kabisa.

Mpaka kati ya kujifunza na kutumikishwa umewahi kufikishwa mahakamani. Mwaka 2011 vijana waliofanya kazi bila malipo kwenye utengenezaji wa filamu moja huko Marekani waliishtaki kampuni husika. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilielekeza kwamba swali la kuuliza ni nani anayenufaika zaidi, mwanafunzi au mwajiri, na tangu Januari 2018 Wizara ya Kazi ya nchi hiyo inatumia kipimo hicho. Baadhi ya maswali yake yanamfaa mwajiri yeyote, awe nchi yoyote. Je, mafunzo yanahusiana na masomo ya mwanafunzi? Je, yanafuata kalenda ya chuo? Je, muda wake unaishia pale kujifunza kunapoishia? Je, kazi ya mwanafunzi inaongezea ile ya wafanyakazi wanaolipwa, au inachukua nafasi yao? Andika majibu yako kwenye nusu ukurasa. Nusu ukurasa huo utakusaidia pia kumjibu mkurugenzi atakapouliza kwa nini muda wa watu wake unaenda huko.

Hatua ya 2: Hesabu saa za msimamizi kabla ya kuhesabu wanafunzi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mwanafunzi mmoja huhitaji kama saa moja kila siku ya kazi katika wiki mbili za mwanzo, kisha saa tatu hadi nne kwa wiki mpaka mwisho. Kwa mafunzo ya wiki kumi, hizo ni saa 10 za mwanzo na nyingine 24 hadi 32 zinazofuata. Ongeza saa nane hivi za maandalizi na tathmini, unafika saa 42 hadi 50. Ni kama wiki nzima ya kazi ya mtu mmoja. Saa hizo lazima zitoke mahali, na zisipotolewa kwenye ratiba ya msimamizi zitatolewa kwa mwanafunzi, ambaye ataambiwa "subiri kidogo" hadi siku ya kuaga.

Kwa hiyo keti na msimamizi mtarajiwa, mwangalie ratiba yake ya msimu huo, na mkubaliane ni jukumu gani ataondolewa au ataahirishiwa. Usimamizi uandikwe kwenye malengo yake ya mwaka na uhesabike anapopimwa utendaji wake. Mtu anayesimamia kwa hisani, juu ya kazi zake zilezile, atamwacha mwanafunzi siku ya kwanza ofisi itakapobanwa. Tusimlaumu kwa hilo, kwani hakupewa nafasi ya kufanya vingine.

Wanafunzi wangapi kwa msimamizi mmoja? Kanuni za Ufaransa, tangu 2015, zinaweka ukomo wa watatu kwa wakati mmoja, na kwa kawaida taasisi yenye wafanyakazi 20 au zaidi hairuhusiwi kuwa na wanafunzi wanaozidi asilimia 15 ya wafanyakazi wake. Mimi naona wawili wanatosha, tena wawili ni bora kuliko mmoja. Wataulizana maswali madogo wanayoona aibu kumuuliza mkubwa, na hakuna atakayejihisi mpweke.

Msimamizi bora si lazima awe mkuu wa idara. Mara nyingi mkuu wa idara ndiye mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa ameacha kufanya kazi yenyewe kwa mikono yake na hushinda vikaoni. Tafuta mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku, asiyechoka kueleza jambo mara ya pili, na asiyemdhalilisha mtu mbele za wengine. Kisha mtaje msimamizi wa akiba kwa jina, kwa ajili ya siku za likizo na ugonjwa.

Hatua ya 3: Chagua kazi itakayofundisha

Waombe wakuu wa idara orodha ya kazi ambazo wamekuwa wakitamani zifanyike lakini hazijapata mtu. Orodha itakuwa ndefu. Chuja kila kazi kwa maswali haya: Je, kuna mtu atakayeitumia ikikamilika? Je, inaweza kukamilika ndani ya muda wa mafunzo, hata kama mwanafunzi atatumia mara mbili ya muda ambao mzoefu angeutumia? Je, kosa likitokea linaweza kurekebishwa bila kumuumiza mteja au mtu mwingine yeyote? Je, inagusa kile mwanafunzi anachokisomea? Kazi inayopata ndiyo nne ndiyo ya kumpa.

Swali la kwanza ndilo lenye uzito zaidi. Vijana wana hisi kali kuhusu hili. Wanajua haraka kwamba ripoti wanayoiandika itaishia kwenye droo, na bidii yao hushuka siku hiyohiyo. Kazi ndogo yenye mtu anayeisubiri hufundisha zaidi ya mradi mkubwa wa kubuni.

Chukua mifano. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kulinganisha taarifa ya benki na vitabu vya mwezi uliokwisha kufungwa, kisha akaketi na mhasibu kutazama wapi majibu yao yanaachana. Hesabu rasmi haziko hatarini, na bado kila tofauti ni somo. Mwanafunzi wa uhandisi mitambo anaweza kuzungukia mashine zote, kulinganisha kila moja na kumbukumbu zake za matengenezo, na kusahihisha michoro isiyofanana na hali halisi. Wa programu za kompyuta aanze kwa kujaribu mfumo na kuandika hitilafu anazozikuta, ahamie kurekebisha hitilafu ndogo, mwishowe akabidhiwe kipengele kimoja kidogo kuanzia mwanzo hadi kitumike. Wa ustawi wa jamii au uuguzi hawezi kuachwa peke yake na mhitaji. Lakini anaweza kukaa kwenye mazungumzo kwa ridhaa ya mhitaji mwenyewe, akaandika muhtasari wake, kisha akaulinganisha na ule wa mzoefu.

Mifano yote hiyo inapanda ngazi: tazama, fanya pamoja nami, fanya nikikutazama, fanya peke yako kisha unionyeshe. Panga kila kazi kubwa kwa mtindo huo na uandike takriban ni wiki gani mwanafunzi atapanda ngazi. Mwaka 1984 David Kolb, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kujifunza kwa uzoefu kama mzunguko wa hatua nne: mtu hutenda, huyatafakari aliyotenda, hupata kanuni, kisha huijaribu kanuni hiyo kwenye tendo jipya. Sehemu za kazi zina matendo tele. Kinachokosekana ni kutafakari, ndiyo maana mtu anaweza kufanya jambo moja kwa wiki sita asijue kwa nini linafanywa vile. Baada ya kila kazi iliyokamilika, mwambie mwanafunzi aeleze kwa mdomo alichofanya, kilichomshangaza, na atakachokibadilisha akipewa tena. Dakika kumi zinatosha.

Vipi kuhusu kazi ndogondogo, kama kunakili nyaraka, kupanga mafaili na kupeleka barua? Zifanyike kwa kiasi kilekile kinachofanywa na wafanyakazi wengine wa ngazi ya chini, na zisizidi robo ya muda. Kama kila mtu ofisini hujiandalia chai, mwanafunzi naye ajiandalie yake tu. Akigeuzwa tarishi wa ofisi, msimamizi ana wajibu wa kuingilia kati. Mwanafunzi mwenyewe hana nguvu ya kukataa, na hatakataa.

Mwisho, andaa kazi za akiba tatu au nne: nyaraka za kusoma, jedwali la kusafisha, mwongozo wa kuhariri. Kila ofisi ina siku ambazo umeme umekatika, idhini haijatoka au msimamizi yuko safarini. Bila kazi za akiba, siku hizo humfundisha kijana kuvizia saa ya kutoka.

Hatua ya 4: Andika makubaliano, pande tatu

Kwanza andika malengo. Kila lengo lianze na "Mwisho wa mafunzo, mwanafunzi ataweza..." na limalizike na kitu kinachoonekana. "Kuelewa shughuli za idara ya manunuzi" si lengo, kwa kuwa hakuna wa kulipima. "Ataweza kulinganisha bei za wazabuni watatu na kuandika pendekezo la ukurasa mmoja lenye sababu" ni lengo. Matano yanatosha, na moja kati ya hayo aliweke mwanafunzi mwenyewe akishafika.

Kisha zungumza na chuo kabla ya kuthibitisha nafasi. Uliza mafunzo yanapaswa kuwa ya wiki ngapi, mhadhiri atakuja lini kukagua, daftari la kumbukumbu linajazwaje, na fomu ya tathmini inauliza nini. Iombe fomu hiyo mapema. Wasimamizi wengi huiona siku ya mwisho na kukuta inawataka wapime mambo ambayo mwanafunzi hakuwahi kupewa ayafanye.

Makubaliano yasainiwe na mwajiri, chuo na mwanafunzi. Ukurasa mmoja au miwili inatosha: tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi, majina ya wasimamizi, malengo, posho, bima, usiri, nani ana haki juu ya kazi zitakazozalishwa, ruhusa za mitihani, na namna ya kuvunja makubaliano. Nchini Ufaransa mkataba wa namna hii ni wa lazima kisheria, na mafunzo kwenye taasisi moja hayawezi kuzidi miezi sita katika mwaka mmoja wa masomo. Sheria za kazi, bima na ajira za vijana hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo mwanasheria wako au ofisi ya kazi ya eneo lako isome rasimu kabla haijasainiwa.

Hatua ya 5: Malipo

Lipa. Msimamo wangu ni huo, na sababu yake kubwa ni haki. Mafunzo yasiyo na posho yanachagua wanafunzi kwa mifuko ya wazazi wao. Anayeweza kulishwa na kulipiwa nauli kwa miezi miwili atakuja, na mwenye uwezo kuliko yeye asiye na wa kumlipia atabaki nyumbani au atatafuta kibarua. Mwajiri hupoteza bila kujua alichopoteza, kwa kuwa barua ya yule wa pili haikuwahi kufika. Ikulu ya Marekani, ambako kijana angeenda hata kwa kujigharamia, ilianza kuwalipa wanafunzi wake mwaka 2022, na sababu iliyotolewa ilikuwa hiyohiyo: kuondoa kikwazo kwa wasio na uwezo. Ufaransa nayo inamlazimu mwajiri kulipa pale mafunzo yanapozidi miezi miwili.

Kama bajeti hairuhusu mshahara, gharama za mwanafunzi zisigeuke deni lake. Mlipie nauli. Mpe chakula cha mchana kama wafanyakazi wanapewa. Vifaa vya kinga, kompyuta na muda wa maongezi wa kazi vitoke kwako. Posho ilipwe mwanzoni mwa mwezi au kila wiki, kwa sababu nauli ya siku ya kwanza haisubiri mwisho wa mwezi. Kwa asiye na akiba, tarehe ya malipo ina uzito karibu sawa na kiasi chenyewe. Hata hizo zikikushinda, punguza siku za kufika kazini ziwe tatu kwa wiki, chuo kikikubali, ili apate siku za kujitafutia. Kiasi utakacholipa, hata kama ni sifuri, kiandikwe wazi kwenye tangazo.

Hatua ya 6: Wapate kwa njia ya wazi

Tangaza miezi mitatu kabla, kwa kufuata kalenda za vyuo, na upeleke tangazo kwenye vyuo zaidi ya kimoja, hasa vile ambavyo hamjawahi kupokea mwanafunzi wao. Nafasi zinazogawiwa kwa simu za "nina kijana wangu hapa" huwafikia walewale kila mwaka. Ukipigiwa simu hiyo, mtumie mpigaji tangazo, kijana aombe kama wengine.

Usidai uzoefu, maana ndio anaoufuata. Omba wasifu wa ukurasa mmoja na majibu ya maswali mawili mafupi yanayohusu kazi utakayompa. Kwenye usaili, kila mwombaji aulizwe maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na kila msaili aandike alama zake kabla ya kujadiliana na wenzake. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2022 na Paul Sackett na wenzake uliuweka usaili wa namna hiyo juu ya vipimo vingine vyote walivyovilinganisha kwa kubashiri utendaji wa mtu kazini. Unaweza kuongeza jaribio la nusu saa, lakini liwe la kubuni. Kuwatumia waombaji kumaliza kazi halisi ya kampuni bila malipo ni dhuluma.

Uliza kila mmoja kama kuna marekebisho anayoyahitaji ili afanye kazi vizuri, kama njia ya kiti cha magurudumu, maandishi makubwa au mkalimani wa lugha ya alama. Na wote waliokosa wajibiwe. Ujumbe wa mistari mitatu unatosha.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza na wiki ya kwanza

Wiki moja kabla, mtumie mwanafunzi ujumbe: aripoti saa ngapi, amuulizie nani mapokezi, avae nini, aje na nyaraka gani. Waambie wafanyakazi wote nani anakuja, atafanya nini na yuko chini ya nani. Meza, kompyuta, akaunti ya barua pepe, kitambulisho, kofia ngumu na buti kama ni karakana au eneo la ujenzi, vyote viwepo kabla yake.

Siku ya kwanza msimamizi asiwe na kikao cha asubuhi. Ampokee mwenyewe, amtembeze, amtambulishe kwa majina, amwonyeshe vyoo, mahali pa kula na pa kuswalia kama papo, na njia za kutokea wakati wa dharura. Mafunzo ya usalama hayaahirishwi hata kwa siku moja pale penye mitambo, kemikali, umeme au wagonjwa. Kabla ya kutoka jioni awe amefanya kitu kimoja kidogo na kukimaliza.

Katika wiki hiyo, mweleze waziwazi mambo ambayo wazoefu huyajua bila kuambiwa: mkuu anaitwaje, nani hutumiwa nakala ya barua, ukichelewa unampigia nani, ni siri gani haitoki nje ya mlango. Mwanafunzi anaweza kuwa ndiye wa kwanza kwenye ukoo wake kuingia ofisini kama mfanyakazi, na hakuna aliyewahi kumwambia haya.

Kisha lipo jambo ambalo waajiri wengi hulikwepa kwa aibu. Mwanafunzi ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote jengoni, na alama zake zimo mikononi mwa mtu mmoja. Hali hiyo huwavutia wenye nia mbaya. Mpe, siku ya kwanza na kwa maandishi, jina na namba ya mtu wa kumweleza akisumbuliwa kingono, akitukanwa au akidaiwa chochote. Mtu huyo asiwe msimamizi wake wala rafiki wa karibu wa msimamizi. Mweleze kwamba akilalamika tathmini yake itajazwa na mtu mwingine, na litekelezwe hilo.

Kama atafanya kazi akiwa mbali kwa intaneti, pangeni simu ya robo saa kila asubuhi na nyingine fupi alasiri katika wiki mbili za kwanza. Aliye mbali hawezi kuona kwamba msimamizi ametulia na sasa anaulizika, kwa hiyo lazima atengewe saa ya kuuliza.

Hatua ya 8: Usimamizi wa kila wiki

Tengeni nusu saa kila wiki, siku ileile, mlango ukiwa umefungwa na simu zikiwa pembeni. Maswali matatu yanaitosha: umejifunza nini wiki hii, umekwama wapi, wiki ijayo utafanya nini? Daftari lake lisomwe na kusainiwa hapohapo. Kusaini kurasa za miezi miwili kwa mkupuo siku ya mwisho humwambia mwanafunzi kwamba hakuna aliyekuwa akisoma.

Maoni juu ya kazi yatolewe ndani ya siku moja au mbili, yataje kitu chenyewe, na yaonyeshe hatua inayofuata. Linganisha. "Ripoti si mbaya, ongeza bidii" haimsaidii. Sasa hii: "Jedwali la ukurasa wa pili limechanganya mauzo ya Machi na ya Aprili. Yatenganishe, kisha uniandikie sentensi mbili kueleza kwa nini Machi yameshuka. Nitaipitia saa nane." Ya pili imemheshimu, imemwonyesha kosa, na imemwachia kazi ya kufikiri. Sifa nazo zitaje kitu: "Umegundua risiti mbili zenye namba moja, na sisi zilitupita."

Wapo wasiouliza maswali kabisa. Usidhani wameelewa. Wengi wamelelewa kuona kumuuliza mkubwa ni utovu wa adabu. Badala ya "umeelewa?", mwambie "nieleze utaanzaje", na utajua mara moja. Akikosea, kosa lijadiliwe faraghani na siku hiyohiyo, kisha arudishwe kwenye kazi ileile. Ukimnyang'anya kazi baada ya kosa la kwanza, atakachojifunza ni kuficha la pili.

Katikati ya muda, jazeni pamoja fomu ya chuo kama rasimu. Alama za chini zionekane wakati bado kuna wiki za kuzirekebisha, na malengo yaliyosahaulika yapangiwe tarehe. Katika kipindi hiki pia mpeleke kuona kwingine: kikao kimoja cha wateja, siku moja ghalani, asubuhi moja na idara jirani. Ataelewa kazi yake inapotoka na inapokwenda.

Hatua ya 9: Mambo yakienda mrama

Akichelewa au kukosa kufika, uliza kwanza. Mara nyingi ni nauli, ugonjwa au makazi. Kama ni uzembe, mwonye kwa maandishi, kijulishe chuo, na umpe tarehe ya kupima mabadiliko. Kama shida ni msimamizi, mbadilishe ndani ya wiki hiyohiyo bila kusubiri ithibitike kwamba ni mtu mbaya. Kukosa muda peke yake kunatosha. Kama kazi iliyopangwa imefutwa, rudi kwenye orodha ya hatua ya tatu, uandike upya lengo husika na ukiarifu chuo.

Hatua ya 10: Kumaliza vizuri

Wiki ya mwisho isiwe na kazi mpya. Mwanafunzi aandike maelezo ya makabidhiano, apange mafaili, na awasilishe alichofanya kwa dakika kumi na tano mbele ya idara, akiwemo yule aliyekuwa akiisubiri kazi hiyo. Kubalianeni kwa maandishi ni sampuli zipi anaruhusiwa kuziweka kwenye wasifu wake.

Cheti na barua ya mapendekezo apewe siku ya kuondoka. Barua itaje kazi kwa majina: "alilinganisha hesabu za benki za miezi minne na kuandaa utaratibu tunaoutumia sasa." Barua ya "alikuwa mtiifu na mwenye nidhamu" haimwambii mwajiri ajaye chochote.

Kama kuna uwezekano wa kumwajiri, mwambie ni lini ataambiwa, na tarehe hiyo itunzwe. Kama hakuna, liseme wazi. Matumaini yanayoning'inizwa huwafanya vijana wakatae nafasi nyingine bure.

Tathmini ikishatumwa chuoni, na si kabla, apigiwe simu na mtu asiye msimamizi wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwanafunzi ameona mambo ambayo macho ya wenyeji yameyazoea. Muulize ni siku gani alijifunza zaidi, ni siku gani alikaa bure, ni kipi alikiogopa, na kama angemshauri mdogo wake aje kwenu. Majibu yaandikwe kwenye faili la mafunzo pamoja na saa halisi alizotumia msimamizi, kazi zilizokamilika na zilizokwama. Faili hilo lifunguliwe kabla ya kujibu barua ya kwanza ya msimu ujao. Msimamizi aliyeshindwa kutimiza vikao vyake vya wiki asipangiwe mwanafunzi hadi ratiba yake ibadilike, na idadi ya nafasi ipungue kwa kiasi hicho.